Kuku wa Beldina

Selpha Nabututu alikuwa na tabia ya kuanza ripoti zake kutoka chini. Mwisho kabisa wa fomu ya serikali palikuwa na mstari ulioulizia uhusiano wa afisa na mtoto, naye, kabla ya kufungua faili, kabla hata ya kukaa vizuri kitini, aliandika hapo "Hakuna" kwa herufi kubwa. Hayo mengine ndiyo yangefuata. Ofisini walimcheka kichinichini, lakini hakuna mtu Kisumu nzima aliyeweza kusema kwamba afisa wa watoto amewahi kula cha mtu, hata soda ya mkesha wa Krismasi. Hakuwa na mume wala mtoto, na kwao Bungoma walishachoka kumuuliza.

Mwaka huo wa tisini na mbili mezani pake kulikuwa na faili ya msichana wa mwaka mmoja na nusu, aliyelelewa katika Makao ya Nyota ya Ziwa na kupewa jina la Grace. Mume na mke kutoka Uholanzi, Wim na Hanneke, walitaka kumwasili na kwenda naye kwao. Walikuwa watu wema, na wema wao ulimsumbua Selpha kuliko kama wangekuwa wakorofi. Jaji alingoja neno lake tu. Kama mtoto ana mtu duniani, abaki. Kama hana, apande ndege.

"Madam Selpha, sasa unangoja nini?" Dalmas Amolo, mkuu wa makao, alikuwa amekuja ofisini kwa mara nyingine. "Hii mtoto ilitupwa Usenge. Dereva aliokota, akaleta kwetu. Tumetangaza kwa gazeti, hakuna mtu alikuja. Andika hivyo, tumalize."

"Gazeti linasomwa na nani Usenge, Bwana Amolo? Wanafungia samaki."

"Wewe unapenda tu kutafuta maneno."

Alipenda kweli. Lakini safari hii hayakuwa yake, yalikuwa ya Nairobi. Waraka ulikuwa umeletwa ukisema kwamba mtoto yeyote anayetakiwa kwenda nchi za nje, afisa lazima afike mwenyewe mahali alipookotwa, azungumze na watu wa pale, ndipo aandike. Waraka ulikuja peke yake, bila petroli. Landrova ya idara ilikuwa juu ya mawe tangu masika, na paka wa mlinzi alikuwa amezalia ndani yake. Basi Selpha akafanya jambo la busara kuliko yote aliyoyafanya mwaka ule: akamtafuta yule yule dereva aliyemwokota mtoto, akapanda lori lake.

Absalom Waliaula alikuwa kijana wa Bungoma aliyeokoka, mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Kila wiki alipeleka magunia matupu Usenge na kurudi na omena. Alifurahi kumbeba afisa wa serikali, na kabla hawajatoka nje ya mji alikuwa ameshaanza kusimulia ushujaa wake.

"Ilikuwa alfajiri, Mama. Nimeshuka kuangalia gurudumu, nasikia kama paka. Kumbe ni mtoto! Amelazwa kando ya jalala, hapo barabarani, juu ya ungo. Nikasema, shetani ashindwe. Nikamchukua na ungo wake, nikaondoa gari."

"Ungo?"

"Ungo mzuri sana. Mpaka leo mke wangu anapepetea mtama."

Selpha aligeuka akamtazama. "Na mtoto alikuwaje?"

"Safi kabisa. Amepakwa mafuta, ananukia samli. Amefungwa leso mpya, bado ina ile karatasi ya bei."

"Absalom, wewe ukitaka kutupa kitu, unakipaka samli kwanza?"

Kijana alikaa kimya mpaka mji wa Bondo, na kwa Absalom huo ulikuwa ukimya mrefu.

Usenge omena walikuwa wameanikwa kila mahali, juu ya nyavu, juu ya mawe, mpaka juu ya mabati, na wanawake walikuwa wakiwageuza kwa mafagio. Selpha alisimama kati yao akauliza kwa adabu kama kuna anayejua habari za mtoto aliyeokotwa jalalani mwaka juzi. Wote wakawa kama maji mtungini. Mmoja alisema yeye ni mgeni. Mwingine alikumbuka ghafla kwamba ameacha sufuria motoni. Selpha alianza kukasirika, maana kuna namna ya watu kunyamaza ambayo ni sawa na kukufungia mlango usoni.

Hapo Absalom akashuka garini kunyoosha miguu. Bibi kizee mmoja, jina lake Dorca, akaacha fagio lake na kumtazama kwa kuyakaza macho, akalitazama na lori, kisha akapiga kigelegele kilichorusha ndege majini.

"Amekuja!" alisema. "Mama ya mtoto amekuja!" Na kidole chake kilikuwa kimemwelekea Absalom, na ndevu zake zote.

Wanawake walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Absalom alitazama nyuma yake kuona ni mama gani anayesemwa. Ikabidi Dorca awaeleze hao wawili kama anavyoelezwa mtoto.

Kwa Wajaluo, mwanamke akizaa watoto na wote wakamfia mkononi, anayefuata hatangazwi kuwa wake. Anaogeshwa, anapakwa mafuta, analazwa jalalani alfajiri kama kitu kilichotupwa. Mama anaondoka bila kugeuka nyuma. Papo hapo anapita mwanamke mzima waliyepatana naye, anashangaa, anaokota, na mtoto anakuwa wa huyo. Baadaye mama anamnunua kwa kitu kidogo, kuku hivi, kama mtu anavyonunua cha jirani. Hapo kifo kikija kuuliza mtoto wa fulani, hakimkuti. Kuna watu wazima wengi kando ya ziwa hili waliotupwa hivyo, na majina yao yanasema.

"Mimi ndiye ilikuwa niokote," alisema Dorca. "Nikachelewa. Omena ilikuwa imeingia usiku huo, mingi ajabu. Nikasema nichote karai moja tu. Kufika jalalani, naona matako ya lori."

Absalom alikuwa ametoa macho. Narudia kwamba moyo wake ulikuwa mkubwa, na sasa wote ulikuwa umemshuka tumboni. "Kwa nini hamkunifuata?" aliuliza.

"Tukufuate tuseme nini? Kwamba mama anamtaka? Basi kutupa kumeharibika, anakufa kama wale. Na askari ya chifu alikuwa anatangaza atafunga mwanamke ametupa mtoto. Tukasema, mwenye kuokota atarudi. Lazima arudi, adai kuku yake. Wewe ulikuwa unakuja kila wiki, unapakia na kwenda, hata hushuki. Tulijuaje ni wewe? Malori yote ni ya rangi moja. Leo umemleta anayeuliza mtoto, ndipo nikajua."

Mama mwenyewe aliitwa. Alikuwa Beldina, mke wa mvuvi Obiero, mwanamke mwembamba mwenye mikono iliyonuka samaki na uso usiotoa habari yoyote. Selpha alitoa picha ya mtoto mkobani.

"Mama, huyu ni mtoto wako?"

Beldina aligeuzia uso ziwani kabla picha haijamfikia. "Hapana."

"Tazama kwanza."

"Si yangu. Mimi sina mtoto."

"Unajua kuna Wazungu wanataka kumchukua? Watampandisha ndege, wataenda naye Ulaya, hutamwona tena."

"Ndege inaua?"

"Haiui."

"Basi apande."

Selpha alihisi damu ikimpanda kichwani. Alikuwa ameona wazazi wa kila aina katika kazi yake, walevi, waliokimbia deni la mahari, wasichana waliodanganywa na walimu, lakini huyu alikuwa amesimama mbele yake na matiti yake yakipanda na kushuka kwa pumzi kama mtu aliyekimbia, akikataa hata kutazama. Akairudisha picha mkobani.

"Anakula?" aliuliza Beldina. Macho yake bado yalikuwa majini.

"Nini?"

"Hiyo mtoto ya watu. Inakula vizuri?"

"Anakula. Anapenda samaki."

"Ana meno?"

"Anayo, mbele yote. Na anatembea."

Beldina aliitikia kwa kichwa, taratibu, tena na tena. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Mama, nilikuwa na wanne. Wote nilisema ni wangu. Nikawabeba, nikawaimbia, wakaenda. Mimi nikisema leo huyu ni wangu, kesho mtaniletea kwa sanduku. Akiwa Ulaya anakula, si anakula? Nitajua yuko mahali anakula. Lakini kama mnamrudisha, mnirudishie vizuri. Aje kwa kununuliwa. Kuku iko. Ile ya kwanza nilikuwa nimeweka ilikufa na kideri. Nikaweka ingine."

Mwaka mzima na nusu mwanamke huyu alikuwa akilisha kuku mmoja baada ya mwingine, hauzi, hachinji, anangoja mtu aje.

"Basi mpe Absalom kuku," alisema Selpha.

"Si wangu tena," alisema Absalom haraka. "Nilimpa serikali. Nilitia hata sahihi."

Dorca alifikiri. "Kama umempa Sirkal, basi mwenye mtoto ni Sirkal. Sirkal ndiyo iuze." Akamgeukia Selpha. "Sirkal ni nani hapa?"

Wanawake wote wa pwani ile walimtazama.

"Mama, mimi nimeajiriwa kuzuia watu kuuza watoto!" alisema Selpha, na sauti yake ikatoka kali kuliko alivyotaka. "Kuuza mtoto ni jela. Hata kuku. Hata yai!"

Akarudi kwenye lori akafunga mlango kwa nguvu. Njia nzima Absalom hakuthubutu kuzungumza, ila walipofika karibu na mji alisema kwa huzuni kwamba kaka yake mkubwa anaitwa Makokha, jina la mtoto wa jalalani, na kwamba Makokha aliwekwa jalalani na bibi yao siku aliyozaliwa, na kwamba yeye, mpumbavu, alilisikia jina hilo maisha yake yote bila kulifikiria.

Dalmas alikuwa akimngoja. Alisikiliza yote, akatabasamu, naye si mtu mbaya, ila makao yana paa linalovuja na Waholanzi wana marafiki wenye mabati. "Mama amesema mtoto si wake?"

"Amesema."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya pwani nzima."

"Basi andika hivyo. Ni ukweli mtupu, Madam. Hakuna uongo hata nukta."

Na hilo ndilo lililomtesa Selpha siku zilizofuata. Lilikuwa kweli. Angeandika maneno ya Beldina yalivyotoka kinywani mwake, na mtoto angeondoka, na hakuna mkaguzi wa Nairobi wala malaika ambaye angeona kosa. Kisha angepata wapi usingizi? Maana naye alikuwa amemwona mama akiuliza habari za meno.

Kabla ya kuandika alikwenda kwa Wim na Hanneke, kwenye nyumba waliyokodi Milimani. Aliwakuta wakimlisha mtoto, waliyeruhusiwa kukaa naye wakingoja kesi. Hanneke alikuwa amejifunza Kiswahili chake kwa yaya wa makao, na alikitumia kwa bidii.

"Ana mama," alisema Selpha. Akaeleza. Hakuficha hata kile kitendo cha kukataa picha.

Wim aliinama akashika kichwa. Hanneke alibaki na kijiko hewani. "Huyo mama," alisema, "aliuliza kitu?"

"Aliuliza kama anakula."

Hanneke aliweka kijiko chini akalia. Alilia bila kujificha, na mtoto, kwa kumwonea huruma, akachota ugali kwa mkono akamtilia mdomoni. Ilimbidi Selpha atoke nje kidogo, akasimama akihesabu maua asiyoyajua majina.

Ripoti aliandika. Aliandika yote, ungo, samli, leso, kuku wawili, na jibu la "hapana" pamoja na sababu yake.

Kesi za namna hiyo husikilizwa faraghani, chumbani kwa jaji. Jaji alikuwa mzee mfupi mwenye miwani minene, na alikuwa ameisoma ripoti, maana kurasa zake zilikuwa zimekunjwa pembe. Beldina alikaa mwisho wa benchi na Dorca. Kapu lao walikuwa wamelazimishwa kuliacha verandani kwa askari, na kila mara kapu lilisema kitu.

"Mama," jaji aliuliza, "mtoto huyu ni wako?"

Hanneke alikuwa amempakata mtoto hatua chache tu kutoka hapo. Beldina alitazama sakafu. "Hapana."

Dalmas alishusha pumzi. Jaji alimgeukia Selpha. "Bi Nabututu, ripoti yako inasema mama huyu anamtaka mtoto. Yeye anasema si wake. Muongo ni nani kati yenu?"

"Hakuna muongo, Mheshimiwa. Hajamnunua bado."

Kalamu ya karani ilisimama. Jaji alivua miwani. "Umesema nini mbele yangu?"

Selpha alikuwa ameshatumbukia, hakukuwa na kurudi. Alisema kwamba sheria inamtaka mama aseme neno moja, ama la kumdai mtoto au la kumtoa, na kwamba kwa Beldina yote mawili ni kusema "mimi ndiye mama," na neno hilo kwake ni kaburi la tano. Mama hawezi kufika kwa mtoto isipokuwa kwa mlango ule ule aliomtolea.

Jaji alifunua kurasa za ripoti. "Mtoto yuko mikononi mwa nani kisheria sasa?"

"Serikali, Mheshimiwa."

"Na serikali, kwa leo, ni nani?"

"Ni mimi."

Jaji alivaa miwani, akatazama saa ya ukutani kana kwamba ndiyo kwanza ameiona. "Nakwenda kunywa chai. Na nyote mjue kwamba masikio ya korti hii yanaishia mlangoni. Ya verandani siyasikii."

Verandani Dorca alichukua usukani. Alimfundisha Selpha maneno, na Selpha, ambaye hajawahi kupokea hata soda, alinyoosha mikono akapewa kuku mwekundu aliyefungwa miguu kwa ukili. "Nimeokota takataka," alisema, kama alivyoelekezwa. "Nani anainunua?"

"Mimi," alisema Beldina.

Ilibaki mtoto. Hanneke alikuwa bado amempakata, na mtoto alikuwa ameshika kifungo cha blauzi yake. Hakuna aliyemwambia Hanneke aharakishe. Mwenyewe alifungua vile vidole, kimoja kimoja, akamweka mtoto mikononi mwa Beldina, na mtoto akapiga ukelele wa kumtaka yeye.

"Mos, pole, mama," Dorca alimwambia Hanneke, akimshika bega. "Sasa nenda. Mwenye kumwacha hageuki nyuma."

Hanneke alishuka ngazi na mumewe. Kilio cha mtoto kilimfuata uwanja mzima, naye hakugeuka. Beldina, na mtoto akimpigapiga kifuani, alimtazama mpaka alipotoka getini. Kati ya wote waliokuwa pale, yeye peke yake alikuwa ameshautembea mwendo ule.

Jaji aliporudi aliuliza swali lake lile lile.

"Wangu," alisema Beldina. "Nimemnunua kwa kuku."

Karani aliinua kichwa. "Niandike yote, Mheshimiwa?"

"Andika neno la kwanza," alisema jaji.

Kuku, Selpha alimtolea taarifa Nairobi kwa barua rasmi, kwamba amempokea akiwa kazini. Hakujibiwa. Kuku akahamia ndani ya Landrova, na paka akatafuta pengine.

Kazi haikuishia hapo, maana mtoto aliyerudishwa lazima afuatiliwe. Mwaka uliofuata Selpha alipanda tena lori la Absalom. Aliandamana na hofu ambayo hakumwambia mtu, kwamba atafika akute kikaburi, na kwamba sahihi iliyomleta mtoto pale itakuwa yake.

Hajamaliza kushuka, akasikia wanawake wakiita kati ya omena. "Nyar Sirkal! Nyar Sirkal, mama yako amekuja!" Binti wa serikali, ndivyo walivyomwita, kwa kuwa jina hutoka kwa mwenye kuokota. Mtoto mnene, mweusi kwa jua, mwenye magamba ya samaki mpaka kwenye nyusi, alikuja mbio akagonga magoti ya Selpha na kuishika sketi yake kwa mikono miwili.

"Mama," alisema, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa.

"Mtoto wako hajambo?" Selpha alimuuliza Beldina aliyekuwa akija nyuma.

"Mtoto gani?" Beldina alisema kwa sauti kubwa, akielekeza uso ziwani, ili yeyote anayesikiliza asikie. "Hiyo ni ya Sirkal. Mimi nilinunua tu." Na huku akisema hivyo alikuwa akimpangusa mtoto kamasi kwa ncha ya leso yake.

Walimpima kwa mizani ya omena. Selpha aliandika uzito, meno, maneno aliyoyajua. Aliandika nakala mbili, moja ya Nairobi na moja ya Hanneke, Uholanzi. Sheria hudai Wazungu wakichukua mtoto watume habari zake huku. Haisemi lolote kuhusu huku kutuma kule, lakini Selpha aliona kwamba aliyefungua vile vidole kimoja kimoja ana haki ya kujua kama mtoto anakula.

Akafika mwisho wa fomu. Pale chini, kwenye mstari wa uhusiano wa afisa na mtoto, alikuwa ameshaandika "Hakuna" tangu Kisumu, kama kawaida yake. Mtoto alikuwa bado ameshika sketi. Selpha alilitazama neno hilo muda mrefu, kisha kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya kazi yake akapiga mstari juu ya alichoandika, na pembeni akaandika: "Nilimuuza kwa kuku mmoja. Ananiita mama."